Swichi Inaponyamaza: Kusoma Ukimya wa SNMP

Swichi ya kiwandani isipojibu kituo cha usimamizi, fundi hutamka upesi kwamba "haina SNMP", yaani protokoli ya kusimamia vifaa vya mtandao. Hoja yangu ni kwamba hukumu hiyo hutolewa kabla ya ushahidi, kwa sababu protokoli yenyewe huyavika makosa mengi sura moja. SNMP husafiri juu ya UDP, maswali kupitia bandari 161 na taarifa za dharura kupitia 162, na UDP haitoi risiti. Katika toleo la 1 na la 2c, swichi ikiletewa neno la siri lisilo lake hulitupa ombi bila kujibu. Aliyekosea herufi moja na yule ambaye anwani yake haimo katika orodha ya wanaoruhusiwa, wote huona skrini ileile: muda umekwisha. Ndiyo maana kujaribu maneno ya siri kwa kubahatisha hakutufikishi popote. Kwanza tunase pakiti kwenye kituo tuone kama ombi limetoka na kama chochote kimerudi. Ukirudi ujumbe wa ICMP wa kusema bandari haifikiki, yaelekea huduma haijawashwa. Kisha tuulize jambo dogo kuliko yote, maelezo ya kifaa, 1.3.6.1.2.1.1.1.0. Likijibiwa hilo lakini hali ya pete ya mtandao au ya chanzo cha umeme isipatikane, SNMP ipo. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuona tawi hilo, au faili ya MIB ya mtengenezaji, inayokifafanulia kituo namba hizo.

Wapo wanaosema toleo la 3, lililokamilishwa kuwa kiwango mwaka 2002, ni gumu mno, na kwamba mtandao uliofungwa hauhitaji zaidi ya 2c. Ugumu wake naukubali. Lakini katika 2c neno la siri hupita wazi, na likiwa na haki ya kuandika, aliyelinasa anaweza kuzima bandari ya mashine. Tena toleo la 3 husema zaidi: hurudisha ripoti kwamba mtumiaji hajulikani, kwamba saini si sahihi, au kwamba ujumbe uko nje ya dirisha la sekunde 150. Ripoti hii ya mwisho inatuhusu sana hapa Kisangani, ambako umeme hukatika. Dirisha hilo halifuati saa ya ukutani; hufuata hesabu ya mara swichi ilizowaka na sekunde zilizopita tangu iwake. Swichi isiyotunza hesabu hiyo ikiwaka upya huanza na namba ndogo, na kituo kinachokumbuka namba kubwa huikataa. Kuanzisha upya programu ya kituo huficha kosa bila kuliponya. Dawa ni kusahihisha programu ya ndani ya swichi.

Pingamizi jingine ni kwamba fundi akienda mwenyewe na kuchomeka kebo, yote haya hayana haja. Kutoka ofisi moja ya komyuni ya Makiso hadi nyingine, sawa. Lakini Lubunga iko ng'ambo ya mto Kongo, na daraja hakuna. Basi usimamizi wa mbali tunauhitaji. Kwa swichi kongwe isiyojua toleo la 3, 2c ya kusoma tu, kwa anwani moja, ndani ya VLAN yake, yaani mtandao pepe uliotengwa, inavumilika. Kwa swichi mpya, neno "SNMP" kwenye karatasi ya mauzo halitoshi: muuzaji aonyeshe matoleo, usimbaji na faili za MIB kabla ya kulipwa.