Pilipili Manga Jikoni na Kifuani

Mama anunuaye pilipili manga katika soko la Wote, huko Makueni, hununua kitu kilichotoka mbali. Mmea wake hutambaa juu ya miti mingine, nao wataka kivuli na mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Wote ni nchi ya maembe na machungwa. Haipati hata nusu ya mvua hiyo. Basi mkulima asishawishiwe kununua miche yake aipande kando ya mbaazi. Hustawi Unguja na katika milima ya Usambara ya Mashariki. Asili yake ni pwani ya Malabar, Bara Hindi, ingawa jina lake lataja Manga, yaani Uarabuni, ambako majahazi yalikuja kwa pepo za kaskazi.

Tunda huchumwa likiwa bichi, likaanikwa juani hata ngozi yake ikanyauka na kuwa nyeusi. Pilipili nyeupe si mmea mwingine. Ni tunda lile lile lililoiva, likarowekwa na kuambuliwa ngozi. Afadhali kununua punje nzima na kuzitwanga nyumbani, maana harufu ya unga hupotea upesi, tena wachuuzi wasio waaminifu huchanganya mbegu za papai.

Ama kwa habari ya dawa, chai ya tangawizi na pilipili manga hunywewa kwa mafua na kikohozi, na wengi hupata nafuu. Lakini nafuu si kupona. Kikohozi kinachopita wiki mbili, pamoja na kukonda, jasho la usiku au makohozi yenye damu, chaweza kuwa kifua kikuu, wala hapana pilipili iwezayo kuua vijidudu vyake. Mgonjwa anayekaa miezi mitatu akinywa chai yake, huku akilala chumba kimoja na watoto, aweza kuwaambukiza wote. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Makueni iko papo hapo Wote, na dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali ya Kenya hutolewa bila malipo. Kwa kawaida hunywewa miezi sita.

Tena, anayetumia dawa za kifafa amwulize daktari kabla ya kunywa pilipili manga nyingi, maana ukali wake huweza kuzidisha dawa iingiayo damuni. Na chai hiyo ikitiwa asali, mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asionjeshwe kamwe.