Mashine ya Nyasi Ikikataa Kuwaka

Mazungumzo ya fundi wa karakana ya kaunti na wahudumu wa viwanja, bustani na hospitali, katika mafunzo ya kabla ya mvua za masika.

Masika yanakaribia, na nyasi za mvua hazingoji karatasi za ununuzi wa vipuri zipitishwe.

Mwaka jana tuliletewa mashine ya kuendesha ikivutwa na trekta. Ilikuwa imesimama miezi miwili ikingoja stata mpya, na ombi la kununua lilikuwa limeshaandikwa. Nilipofungua boneti nilikuta waya mweusi wa betri umeshika kutu pale unapofungwa kwenye chesisi. Nikaukwangua kwa msasa, nikakaza nati, mashine ikawaka. Stata ingenunuliwa, ingefungwa, na mashine ingekataa vilevile. Kwa hiyo leo hatubadilishi kipuri chochote. Tunasikiliza kwanza.

Kaa kitini, kanyaga breki, zima swichi ya visu, zungusha ufunguo. Ikiwa kimya kabisa, tazama fyuzi kabla ya kitu kingine. Iliyoungua irudishiwe ya ampea zilezile, si karatasi ya pakiti ya sigara. Ikiungua tena, kuna waya uliochubuka mahali. Fyuzi ikiwa nzima, shuku ncha za betri, swichi ya ufunguo, au moja ya swichi za usalama: ya breki, ya visu, ya kiti. Mara nyingi ni plagi yake tu imelegea kwa mtikisiko.

Ikilia "ta!" mara moja na injini isizunguke, wengi hulaumu stata. Chukua mita. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6. Chini ya 12.4, ichaji kwanza. Kisha mwenzako azungushe ufunguo wewe ukiitazama mita: ikianguka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka, hata kama ilisoma vizuri ilipopumzika. Ikibaki juu, safisha na kukaza nyaya nene zote, wa ardhi ukiwemo, ndipo umfikirie solenoidi. Na tafadhali, tusiunganishe solenoidi kwa bisibisi. Mashine ikiwa kwenye gia itakurukia, kwa sababu umezipita swichi zote za usalama.

Ikizunguka bila kuwaka, hakikisha petroli ipo, kisha tafuta cheche. Katika nyingi ya injini hizi ndogo cheche haitoki kwenye betri; inatengenezwa na sumaku za gurudumu la injini zinapopita karibu na koili. Ndiyo maana betri mpya haitaponya plagi iliyokufa. Kutoka kwenye koili kuna waya mwembamba ambao kazi yake ni kuzima: ukigusa chuma, cheche inakufa. Panya wa stoo wakiutafuna ukagusa chesisi, mashine haitawaka hata ukinunua koili tatu. Ufuate kwa macho mwanzo hadi mwisho. Kabla hujaingiza mkono chini kwenye visu, chomoa waya wa plagi.

Sasa lile lililonifanya niombe nafasi hii. Katika mashine nne nilizokagua mwezi uliopita, mbili zilikuwa zimeunganishwa nyaya za swichi ya kiti pamoja. Naelewa sababu: uwanja una mashimo, dereva anarushwa kidogo, injini inazima, kazi inachelewa. Lakini swichi hiyo ipo ili dereva akianguka visu visimame. Viwanja vya hospitali zetu vina miteremko, na watoto wa wagonjwa wanacheza hapo hapo. Kama kiti kinazima ovyo, springi yake imechoka au plagi imelegea, na hiyo tunaitengeneza bila kumlaumu mtu. Mkiikuta imeunganishwa, msiiwashe. Nipigieni simu, au mwambieni mwenye stoo, na nitakuja siku hiyo hiyo.

Mita iko stoo, mtaazimwa kwa kusaini. Basi tutoke nje. Ile ya bluu pale chini ya mwembe imekataa kuwaka tangu asubuhi, na mimi sijaigusa. Nani ataanza?