Mgeni Akishika Nyundo Mwenyewe: Maneno ya Kamati kwa Wanagitting



Kamati imepewa nafasi ya kueleza kwa nini mwaka huu, pamoja na madarasa na maji tuliyozoea kuchangia, tumeweka kwenye bajeti jambo jipya: banda la kazi za mikono hapa Gitting. Baadhi yenu mmetupigia simu, tena kwa ukali kidogo, mkiuliza ni mgeni gani atafunga safari kuja kushona ushanga mlimani. Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwa yale tuliyoyaona kwa wenzetu na yale wageni wenyewe wanayoyasema wakimaliza.

Tuanze na jirani. Kule Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ndugu zetu wahunzi wa Kidatoga wamezoea kupokea watalii. Mgeni anaamka alfajiri kwenda kuwaona Wahadzabe, kisha anapelekwa kwa mhunzi. Mashine hakuna. Kuna makaa, mivukuto ya ngozi ya mbuzi, fuawe na nyundo. Mhunzi anachukua kufuli mbovu na koki za bomba zilizotupwa, anaziyeyusha, anamimina kwenye kalibu, kisha anafua na kusugua mpaka inapatikana bangili inayong'aa. Misumari nayo inageuzwa vichwa vya mishale, na Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana asali. Kufuli inaingia, bangili inatoka, na mgeni amekaa palepale akiona hatua zote. Ni kazi chache duniani zinazoonekana hivyo kwa muda wa kikao kimoja.

Sasa sikilizeni tofauti. Mgeni aliyetazama tu akirudi kwenye gari anaongelea picha alizopiga. Aliyepewa mivukuto anaongelea mikono yake. Mivukuto hiyo ni miwili, mkono huu unashuka mwingine unapanda, na ukipoteza mwendo moto unalala. Wengi wanashindwa mara ya kwanza, watoto wanacheka, mhunzi anamshika mkono anamwonyesha, anajaribu tena. Hapo ndipo mgeni anapoacha kuwa mteja wa kupita. Bangili aliyoifua mwenyewe inaweza kuwa imepinda, lakini ndiyo anayoivaa kwenda nayo kwao, na ile iliyonyooka anampelekea dada yake zawadi.

Tukumbushane jambo moja ambalo wazee wanalijua na vijana hawalijui. Katika Wadatoga, wahunzi ni watu wa ukoo wao, Gidang'odiga, na zamani wengine hawakukubali kuoana nao. Leo watu wanatoka ng'ambo kuja kukaa chini miguuni pa mhunzi wajifunze. Hatusemi zaidi ya hapo. Kila mmoja alifikirie kwa nafasi yake.

Malalamiko yapo pia, wala hatutayaficha. Linalorudiwa sana ni la mwisho wa ziara. Mgeni amefurahi, ametoa jasho, mara anatandikiwa kitambaa chenye bidhaa hamsini, watu wamemzunguka, kila mmoja anataka amnunulie. Furaha inaisha. Ananunua ili aondoke. Lingine ni la bei: hajui alichompa mwongozaji kimefika kwa fundi au kimeishia njiani. Na lingine ni haraka, dakika ishirini halafu gari linapiga honi. Kwa hiyo banda letu, kama mtalikubali, litakuwa na ubao mlangoni wenye bei ya somo, na fedha ya fundi itajulikana, na ya mfuko wa kijiji itajulikana. Utaratibu huu si ndoto yetu. Mto wa Mbu na vijiji vingine vilivyoingia kwenye mpango wa utalii wa kitamaduni tangu miaka ya 1990 vimekuwa vikitenga sehemu ya malipo ya mgeni kwa maendeleo ya kijiji.

Dar es Salaam nako kuna la kujifunza. Wachoraji wa Tingatinga pale Oyster Bay, wanaoendeleza mtindo ulioanzishwa na Edward Said Tingatinga kabla ya kifo chake mwaka 1972, hufundisha wageni kuchora. Mgeni anatoka na twiga wake, shingo imekwenda kombo, amefurahi kama mtoto. Lakini rangi ile ya mafuta huchelewa kukauka, na mtu ana ndege jioni. Mnaona? Somo zuri linaweza kuharibiwa na kitu kidogo namna hiyo. Ndiyo maana kamati imetumia muda mrefu kubishana juu ya swali linaloonekana dogo: mgeni wa Gitting anaweza kumaliza nini kwa asubuhi moja, akakibeba kikiwa kikavu, na kisizuiwe uwanja wa ndege kwao?

Majibu yetu hadi sasa ni haya. Bangili ya shaba, ndiyo, tukimpata mhunzi wa kukubali kuja. Mkanda mwembamba wa ushanga, ndiyo, ila mama zetu wametuambia wazi kwamba mtu asiyewahi kushika sindano atamaliza mistari michache tu, basi tumpe kitu kidogo. Kikapu hapana, ni kazi ya siku nyingi. Anaweza kusuka kidogo akaelewa kwa nini kilichokamilika kina bei ile. Kibuyu cha maziwa tumegawanyika. Kukisafisha kwa kijinga cha moto ni somo ambalo mgeni hatalisahau kwa harufu yake tu, lakini nchi kama Australia na New Zealand ni wakali sana kwa vitu vya mimea na ngozi, na hatutaki mtu anyang'anywe zawadi yake mbele ya wanawe. Atajifunza, kibuyu kitabaki.

Sketi ya ngozi ya mama wa Kibarabaig, hanang'wenda, haimo kabisa. Kuna aliyeshauri wageni wavalishwe wapigwe picha. Lile ni vazi la heshima, lina mambo yake, na kina mama ndio wenye neno juu yake, siyo kamati. Wao wamesema wanaweza kueleza jinsi ngozi inavyolainishwa na kushonwa, basi. Tumekubali bila kura. Na kwa upande wa Wairaqw, mnafahamu kwamba zile sketi za ngozi zenye ushanga walizoshona bibi zetu kwa ajili ya unyago leo zimehifadhiwa katika makumbusho za Ulaya na Marekani. Binti wa Gitting akitaka kuiona moja kwa macho, ni rahisi zaidi kuipata kwenye intaneti kuliko kwenye nyumba ya jirani.

Hapo tumefika penyewe. Wageni wapo, hatuwasubiri kwa kubahatisha. Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400, wapandaji wanaanzia Katesh upande wa Jorodom au wanapita njia yetu ya Gitting, na anayeshuka hapa amechoka, ana njaa, ana saa kadhaa hana la kufanya, tunamwangalia akipanda gari na kuondoka na fedha yake. Tangu maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliyotuondolea ndugu zetu Katesh na vijiji vya jirani, jina la Hanang likitajwa mjini watu hutupa pole. Tungependa siku moja watuulize pia habari za bangili.

Lakini hatuwaahidi utajiri. Kutakuwa na miezi ya mvua bila mgeni hata mmoja. Wateja tunaowategemea kwanza ni ninyi mliopo hapa, mnaokuja Desemba na watoto wanaotumia siku nane wakitafuta mtandao wa simu juu ya kichuguu. Mlete mtoto, lipa bei ileile ya ubaoni, akae asubuhi moja na bibi anayejua kuhesabu ushanga bila kuandika. Bibi hao wamebaki wachache, wengine macho yamepungua, na mabinti wanaokaa nao hawaoni sababu ya kujifunza kazi isiyolipa. Likilipa hata kidogo, binti atakaa. Hiyo ndiyo hesabu yetu yote.

Kijiji kimetuonyesha eneo. Mawe na mchanga vitatolewa kwa nguvu za wananchi, na mafundi wawili wamejitolea kupunguza ujira. Kinachohitajika kwenu ni bati, saruji, mbao, simtangi moja la maji na choo cha heshima, maana wageni husamehe mengi lakini choo hawasamehi. Tanuru la mhunzi litakuwa mita kadhaa mbali na banda, kwa sababu ya cheche na upepo wetu mnaoujua.

Kadi za ahadi ziko mezani kwa mhazini. Anayetoa bati aandike idadi, anayetoa fedha aandike na tarehe ya kukamilisha, na mwenye bibi au shangazi anayejua kazi hizi aandike jina lake nyuma ya kadi hata kama hana shilingi ya kuchangia leo. Msingi utachimbwa mara tu baada ya mavuno.