Picha Iliyovirudisha Vigango Nyumbani



Mwaka 1985, katika kijiji kimoja karibu na Kaloleni, mtafiti kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee wa Kigiriama aliyesimama mbele ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Alipompelekea picha hiyo, mzee alimweleza kwamba vigango vilikuwa vimeibwa. Mzee aliaga dunia bila kuviona tena.

Mwaka 1999, katika mkutano wa wanataaluma, Udvardy aliona slaidi ya kigango kilichokuwa katika jumba la makumbusho jimboni Illinois. Alikitambua. Cha pili kilipatikana katika chuo kikuu jimboni Virginia. Mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa kwa familia. Ushahidi mkubwa ulikuwa ile picha moja.

Vigango vingi vilivyouzwa ng'ambo havikupigwa picha. Hata mwenye navyo akikubali kuvirudisha, ni vigumu kujua vilitoka boma gani.

Leo kamera imo mfukoni mwa wengi. Kila familia yenye kigango, ngoma ya kale au kifaa cha mababu inahimizwa kufanya yafuatayo:

Kwanza, waombeni wazee ruhusa. Mambo mengine ya kaya ni ya siri. Mzee akikataa, simu irudi mfukoni.

Pili, pigeni picha mbele, nyuma na ubavuni, kisha nakshi na nyufa kwa karibu. Alama hizo ndizo hutofautisha kigango kimoja na kingine.

Tatu, mrekodini mzee akieleza kwa Kigiriama, Kichonyi, Kikauma au lugha yake nyingine kifaa ni cha nani na kilisimikwa lini. Picha bila maelezo ni nusu ya ushahidi.

Nne, wekeni nakala mahali pawili au zaidi, kwani simu hupotea.

Tano, msizitume picha hizo katika mitandao ya kijamii. Simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa, na mwizi anaweza kuelekezwa hadi mlangoni.

Kifaa kikiibwa, ripotini mara moja kwa polisi, chifu na ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kusafirisha turathi nje ya nchi bila kibali. Nayo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazipa serikali za kaunti jukumu la kuyasajili maarifa hayo. Rekodi za familia zitarahisisha kazi hiyo.

Picha haichukui nafasi ya kigango, wala rekodi haichukui nafasi ya mzee. Kazi yake ni kuonyesha njia ya kurudi nyumbani. Vijana, mtembeleeni mzee wa ukoo wenu mapema, angali anakumbuka majina.