Siku Kuu Zilizosalia Baada ya Pasaka



Pasaka imekwisha kupita. Sufuria za karamu zimesuguliwa, nguo mpya za watoto zimekunjwa na kurudishwa sandukuni, na wengi wetu tumerejea kazini tukiwa na mifuko myepesi. Siku kama hizi husikia watu wakisemezana njiani, "Basi tena, mpaka Krismasi." Neno hili si la kweli. Siku kuu zilizosalia katika mwaka huu wa 2026 ni nyingi, ila si zote zenye faida sawa kwa mtu akaaye mbali na kwao, na asiyezitazama mapema zitampita kama basi lisilosimama kituoni. Nia yangu jioni ya leo ni kunena nanyi juu ya siku hizo, na khasa juu ya wazee wanaotungojea vijijini.

Tuanze na Pasaka yenyewe. Mwaka huu iliangukia tarehe 5 Aprili. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na kesho yake tu, tarehe 7, ikawa Siku ya Karume, ambayo sisi Watanzania humkumbuka Rais wa kwanza wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe hiyo mwaka 1972. Kwa hiyo mfanyakazi wa ofisini alipata siku tano mfululizo. Jambo hili halitokei kila mwaka. Wanafunzi wangu chuoni huniuliza kwa nini Krismasi hutulia mahali pamoja na Pasaka huhamahama. Jibu ni kwamba Pasaka hufuata mwezi wa mbinguni: ni Jumapili ile inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Kwa hesabu yetu haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi, wala kupita tarehe 25 Aprili. Tangu Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, Wakristo walikubaliana kuiadhimisha Jumapili moja, ingawa Makanisa ya Mashariki na ya Magharibi yalikuja kuachana tena katika hesabu.

Siku kuu za Waislamu nazo hufuata mwezi, lakini kwa namna nyingine. Mwaka wao una siku 354 au 355, na kwa sababu hiyo kila siku kuu hurudi nyuma kadiri ya siku kumi na moja kila mwaka wetu. Wazee wa pwani hawahitaji kalenda ya karatasi kwa jambo hili. Huhesabu tangu mfungo: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, ambao ndio mwezi wa Idd el Hajj, hata kufika Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Mwaka huu Idd el Hajj yatazamiwa tarehe 27 au 28 Mei, na Maulidi mwishoni mwa Agosti, kwa kadiri mwezi utakavyoandama.

Huenda mtu akauliza, Mkristo anahesabu Mfungo Tatu kwa sababu gani? Aulizaye hivyo hazijui jamaa zetu. Kwetu ni Bondei, wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, na katika nchi ile ni nadra kuona ukoo wenye dini moja tu. Shangazi yangu aliolewa na Mwislamu, naye na wanawe ni Waislamu. Siku ya Pasaka walikuja kwetu wote, na mbuzi alichinjwa na mwanawe mkubwa, ili kila aketiye mkekani apate kula bila wasiwasi. Siku ya Idd sisi huenda kwao. Hatuoni ajabu yo yote katika jambo hili, wala sidhani kwamba linahitaji kuhubiriwa.

Sasa niwaeleze neno lililonifanya niandike mazungumzo haya. Baba yetu ana umri wa miaka 84. Macho yake yamefifia, lakini masikio ni mazima na ulimi wake haujapoteza makali. Jumatatu ya Pasaka, chakula kilipokwisha, alituuliza sisi watoto wake wanne, "Mtarudi lini?" Tukampa jibu la adabu, lile ambalo kila mtu hulitoa: "Mungu akipenda, baba." Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mungu amekwisha kupenda. Mimi nawauliza ninyi."

Hapo dada yetu mkubwa aliondoka akaleta kalenda iliyokuwa ukutani, akaiweka mezani karibu na taa, nasi tukaanza kuisoma mwezi kwa mwezi.

Siku kuu za taifa na za dini zilizosalia Tanzania tulizihesabu kumi. Muungano, tarehe 26 Aprili, yaangukia Jumapili, tena i karibu mno na Pasaka. Nani atakuwa na nauli? Mei Mosi ni Ijumaa, nayo ikiunganishwa na Jumamosi na Jumapili yatoa siku tatu. Siku hiyo asili yake ni mgomo wa mwaka 1886 kule Marekani, wafanyakazi walipodai kazi ya saa nane kwa siku, na si vibaya kukumbuka kwamba mapumziko tunayoyagawana leo yalipiganiwa na watu. Saba Saba, siku ya kuzaliwa TANU mwaka 1954, ni Jumanne. Nane Nane, sikukuu ya wakulima, ni Jumamosi. Tarehe 14 Oktoba, tunapomkumbuka Mwalimu Nyerere aliyefariki London mwaka 1999, ni Jumatano. Na tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961, ni Jumatano vile vile. Krismasi ni Ijumaa, na kesho yake Jumamosi ni siku ya pili ya mapumziko. Ukiongeza Idd na Maulidi, hesabu yatimia.

Kaka yetu, mfanya biashara wa Dar es Salaam, alisema mara moja kwamba yatosha tukutane wote Krismasi, maana siku kuu bila watu wote si siku kuu. Wengi mtakubaliana naye. Mimi sikukubali, nami nilimjibu kwa hesabu, kama ilivyo desturi ya walimu. Tangu tarehe 7 Aprili mpaka 25 Desemba ni siku 262. Mzee wa miaka 84 akae siku 262 akingojea mkutano mmoja wa siku tatu, wenye watu ishirini na kelele za watoto, ambamo hapati hata nusu saa ya kuzungumza na mtoto wake mmoja peke yake! Mzee hahitaji kundi kubwa mara moja kwa mwaka kuliko anavyohitaji mtu mmoja mara kwa mara. Kundi humfurahisha, mtu mmoja humsomea barua zake, humpeleka hospitali, huona kwamba bati la upande wa jikoni linavuja.

Basi tuligawana siku. Mimi na mke wangu tulichukua Mei Mosi. Wakati huo masika haijakwisha, mahindi yamesimama na magugu yamesimama pamoja nayo, kwa hiyo ni siku za palizi. Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Sisi tutapewa siku ya kwanza, maana siku zenyewe ni tatu tu. Idd el Hajj ni zamu ya shangazi, ambaye wanawe watakuja kumchukua baba kwa bajaji akale Idd kwao na kulala huko.

Siku iliyofuata ndiyo iliyotufundisha jambo. Dada yetu wa pili ameolewa Mombasa, naye alikuwa ameketi kimya, kwa kuwa siku za Kenya si za Tanzania. Hana Mei Mosi peke yake ya kushirikiana nasi, lakini hana Muungano, wala Saba Saba, wala Nane Nane. Akasema, "Lakini mimi ninayo Madaraka." Na kweli, tarehe 1 Juni, siku Kenya ilipopata serikali yake ya ndani mwaka 1963, ni Jumatatu mwaka huu. Anazo siku tatu, na kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro hata Muheza ni safari ya mchana mmoja. Sisi wengine tutakuwa kazini siku hiyo, na baba atakuwa na binti yake. Tofauti ile iliyokuwa ikitusumbua kila mwaka kumbe yaweza kutufaa.

Saba Saba tulimwachia kaka, maana siku za maonyesho ya biashara Dar es Salaam ndizo mavuno yake. Nane Nane alichukua dada mkubwa na wanawe wawili, vijana wenye nguvu. Wengine wataweza kwenda Morogoro kutazama maonyesho ya wakulima. Wao watavuna mahindi ya baba, na naona kwamba hivyo wataiadhimisha siku ya wakulima vema zaidi. Maulidi yatasomwa kijijini, na majirani hawajapata kumsahau. Siku ya Mwalimu ilikuwa ngumu, kwa sababu ni katikati ya juma. Lakini kaka hana bwana wa kumwomba ruhusa, duka ni lake, basi akaichukua yeye. Nami nilifurahi kwamba siku ya mtu aliyekuwa mwalimu wa shule kule Tabora na Pugu, kabla hajaacha kazi hiyo mwaka 1955, imempata mlezi katika nyumba yetu.

Nikafanya hesabu tena. Kwa mpango huu, muda mrefu kabisa ambao baba atakaa bila mtoto wake au shangazi yetu mlangoni ni siku 72, tangu 14 Oktoba hata Krismasi. Kutoka 262 mpaka 72 ni tofauti kubwa, wala haikuongeza nauli ya mtu ye yote kupita safari moja.

Nauli ndilo neno la pili. Mwezi wa Desemba mabasi ya kwenda Moshi na Arusha hujaa watu wanaorudi kwao, na sisi wa Muheza twasafiri njia ile ile mpaka Segera, kwa hiyo shida yao ni yetu pia. Angojaye juma la mwisho atasimama kituoni na watoto na mizigo. Tena Krismasi hufuatwa na Januari, na Januari haina huruma: sare, viatu, madaftari, vyote hutakiwa siku moja. Mwenye kuweka akiba ya shilingi 1,000 kila siku tangu tarehe 8 Aprili mpaka 24 Desemba atakuwa na shilingi 261,000. Najua kwamba kwa wengine hata 1,000 ni nyingi, aweke 300. Lakini aanze sasa, wakati harufu ya pilau ya Pasaka haijatoka katika nguo.

Neno la tatu si la fedha. Tulipokuwa tukigawana siku, dada mkubwa alisema, tena bila hasira, "Pasaka yangu nimeiona kwa dirisha la jiko." Alisema kweli. Tangu Ijumaa Kuu hata Jumanne, yeye na wake zetu waliamka kabla ya jogoo na kulala baada ya wageni, na sisi wanaume tukazungumza barazani juu ya uzuri wa mapumziko. Wasikilizaji, siku ambayo nusu ya nyumba hupumzika juu ya mgongo wa nusu ya pili, sijui yastahili kuitwa kwa jina gani. Imekubaliwa kwamba Krismasi wanaume watachota maji, watapasua kuni na kusugua masufuria, na kwamba mchana wa tarehe 26 wanawake hawataingia jikoni kabisa. Kaka aliuliza tutakula nini siku hiyo. Akaambiwa kwamba swali hilo ni lake yeye kulijibu, na ana miezi minane ya kufikiri.

Dada alipomaliza kuandika majina katika kalenda, alimsomea baba tangu mwanzo. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tarehe 9 Desemba mmeiacha tupu." Tukamweleza kwamba ni karibu na Krismasi, na nauli haitoshi mara mbili. Akasema haidhuru, mwaka 1961 alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na usiku ule wa Uhuru anaukumbuka vizuri. Wajukuu wampigie simu jioni ya siku hiyo, naye atawasimulia, mmoja baada ya mmoja, ila wasiwe wakitafuna.

Siku hiyo nayo ikaandikwa. Kalenda imerudi ukutani, mahali ambapo mkono wake unaifikia. Sisi tutaondoka Alhamisi tarehe 30 Aprili, kazi itakapokwisha, na mwendo ni wa saa saba kwa basi. Majembe yako huko huko. Mke wangu ameagiza tununue mipini mipya miwili tu.

Kwaherini.