Vidole Vinne, Vitufe Vitano

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Wewe ambaye hukuwahi kusikia redio, bali umeshika karatasi hii na kuifuata kwa kidole, soma polepole. Karatasi haikimbii.

Nasema haikimbii kwa makusudi, maana leo nataka kuwaeleza habari ya kitu kinachokimbia. Ni mchezo wa video. Najua wengine mtauliza: Bwana Elimu ameacha habari za mbolea na za kuandika barua, sasa atuletea michezo ya watoto? Nistahimilini kidogo. Mchezo huu ulinitia aibu mbele ya mtoto, na aibu hiyo ilinifunza jambo juu ya kazi yangu mwenyewe.

Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka 11. Mwaka jana baba yake alimnunulia mchezo uliokwisha kutumika: mashine ya kuunganishwa na televisheni, pamoja na gitaa la plastiki. Gitaa hilo halina nyuzi. Shingoni lina vitufe vitano vya rangi: kijani, nyekundu, njano, buluu, na rangi ya chungwa. Tumboni lina kijiti kifupi cha kupigia. Muziki ukianza, katika kioo cha televisheni huonekana kama barabara inayokujia, na juu yake alama za rangi zinateremka. Alama ya kijani ikifika mstarini, wabonyeza kitufe cha kijani kwa mkono wa kushoto, na papo hapo wapiga kijiti kwa mkono wa kulia. Ukiwahi au ukichelewa, sauti ya gitaa yapotea. Ukikosa mara nyingi, mshale wa pembeni washuka mpaka penye nyekundu, watu waliochorwa kiooni wakuzomea, na wimbo wakatika. Kisha mashine yakuandikia umefika asilimia ngapi ya wimbo, kama kwamba hukuaibika vya kutosha.

Michezo ya namna hii, ya kufuata mapigo ya muziki, ilipata jina kwanza nchini Japani. Mwaka 1996 ulitoka mchezo uitwao PaRappa the Rapper, na mwaka 1998 kampuni ya Konami ikatoa Dance Dance Revolution, ambao mtu huucheza kwa miguu akikanyaga mishale sakafuni. Huu wa gitaa, uitwao Guitar Hero, ulitoka Marekani mwaka 2005. Ule wa mpwa wangu ni toleo la tatu, la mwaka 2007.

Sasa sikilizeni ulivyopangwa. Una madaraja manne. Katika daraja rahisi watumia vitufe vitatu tu. Katika daraja la wastani watumia vinne. Katika daraja gumu watumia vyote vitano. Daraja la nne, la mabingwa, nalo lina vitano, lakini alama zake ni nyingi kama mvua ya masika.

Nilipita daraja rahisi kwa siku moja. La wastani lilinichukua majuma mawili, nikajiona hodari. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, sasa ingia kwenye gumu." Nikaingia. Kabla wimbo haujafika nusu nikazomewa. Nikarudia, nikazomewa. Mara ya sita au ya saba yule mtoto akasema, bila ubaya wowote, "Mjomba, umekufa tena." Nikaliweka gitaa chini kwa nguvu, nikamwambia aende akasome vitabu vyake. Akaenda. Dada yangu alikuwa mlangoni, akanitazama, akasema, "Kaka, na wewe hukui?" Sikujibu.

Usiku ule nilitazama mkono wangu wa kushoto. Wewe nawe utazame wako. Kidole gumba kipo nyuma ya shingo ya gitaa, kinalishika. Vinabaki vidole vinne. Na vitufe ni vitano. Basi mpaka daraja la wastani kila kidole kilikuwa na kitufe chake, kama kila mtu na kiti chake. Daraja gumu laongeza mgeni mmoja, na kiti hakuna. Hapana budi mkono uhame. Wengine husogeza mkono mzima kitufe kimoja mbele, halafu huurudisha. Wengine hunyoosha kidole cha mwisho, ambacho ni kifupi na dhaifu. Njia yoyote utakayochukua, si kazi ile ile ya zamani iliyozidishwa kidogo. Ni kazi nyingine. Ndiyo maana mtu aliyefaulu vizuri sana jana ajiona mjinga leo. Hakuwa mjinga. Amebadilishiwa kazi, na hakuna aliyemwambia.

Na hilo la mkono ndilo dogo. Kubwa zaidi ni jicho.

Tufanye hesabu pamoja. Wimbo wa mwendo wa kadiri una mapigo 120 kwa dakika moja. Dakika ina sekunde 60. Basi kila sekunde ina mapigo mawili. Pigeni makofi: pa, pa, pa, pa. Hapo hakuna taabu. Katika daraja rahisi waweza kupewa alama moja kwa pigo, yaani nusu sekunde toka alama hata alama. Katika madaraja ya juu waweza kupewa alama nne ndani ya pigo moja. Nne mara mbili ni nane. Alama nane kwa sekunde moja! Sasa, mtu mwenye afya akiona taa inawaka na akatakiwa kubonyeza kitufe, tangu jicho kuona hata kidole kushuka hupita kama robo ya sekunde, au pungufu kidogo. Katika robo ya sekunde, kwa mwendo ule, alama mbili zimekwisha kupita. Kwa hiyo mtu anayengoja aione alama, aijue rangi yake, ndipo abonyeze, hawezi kufaulu. Hata akiwa kijana, hata akikaza meno, hesabu yenyewe yakataa.

Mpwa wangu anafaulu. Nilimtazama kwa makini siku nyingine, baada ya kumwomba radhi. Macho yake hayakuwa mstarini pale alama zinapopigwa. Yalikuwa juu zaidi, mbali barabarani. Alikuwa akiona alama ambazo mikono yake haijazifikia. Wala hakuwa akiziona moja moja. Nilimwuliza, "Hizi nne umezijuaje upesi hivyo?" Akasema, "Hizi si nne, Mjomba. Hii ni ngazi." Kwake kijani, nyekundu, njano na buluu zikifuatana ni kitu kimoja kinachoitwa ngazi, na mkono wake waijua ngazi. Mimi nilikuwa nikisoma herufi. Yeye alikuwa akisoma neno.

Hapo moyo wangu ulishtuka, maana nilimkumbuka mama mmoja wa darasa letu la jioni.

Mama huyu ana umri wa zaidi ya miaka 50. Silabi anazijua zote. Lakini alipokuwa akisoma, kidole chake kilikaa chini ya kila silabi: wa, ta, nu, nu, a. Akifika mwisho wa neno, mwanzo umekwisha kumtoka. Akifika mwisho wa sentensi, hana alichoshika. Siku moja alisoma nyumbani mbele ya mjukuu wake, mjukuu akacheka. Juma lile alikuja kwangu akasema, "Mwalimu, kichwa changu kimekwisha kuwa kigumu." Nami nilimjibu neno ambalo walimu tunalo midomoni kila wakati: "Ongeza bidii, mama." Baada ya hapo hakuja tena.

Wanafunzi wangu, nilimpa jibu baya. Bidii alikuwa nayo. Bidii ya kuendelea kusoma silabi moja moja kwa nguvu zaidi ni sawa na mimi kuendelea kuibonyeza kila alama nikiisha kuiona. Mtu atatoa jasho na atabaki pale pale.

Basi mchezaji afanyeje? Toleo hili lina chumba cha mazoezi. Humo waweza kuchagua kipande kimoja tu cha wimbo, kile kinachokuangusha, na kukipunguzia mwendo. Hakuna anayezomea humo. Wakicheza polepole, vidole vyapata nafasi ya kuhama sawasawa, mpaka kipande kile kiwe kitu kimoja. Ndipo uongeze mwendo. Watu wengi hawaingii humo kwa sababu ya kiburi. Hurudia wimbo mzima toka mwanzo, na kwa hiyo huzoea sana mwanzo, ambao hauna taabu, na kukosa pale pale mara mia. Mimi nilifanya hivyo kwa majuma matatu.

Jambo la pili laonekana kama kinyume. Katika ule mchezo wa Kijapani wa miguu, wachezaji wa siku nyingi huongeza mwendo wa mishale katika kioo, na si kuupunguza. Wimbo haubadiliki, mapigo ni yale yale. Ila mishale yaachana, nafasi kati yake yawa kubwa, na jicho laweza kuitofautisha. Mgeni aogopa kwa sababu inakuja mbio. Kumbe iliyokuwa ikimsumbua ni msongamano, wala si mbio. Fikirini maandishi madogo yaliyobanana katika karatasi ya dawa, na maneno yale yale ukutani kwa herufi kubwa.

Jambo la tatu ni televisheni yenyewe. Televisheni nyingi za siku hizi, hizi bapa, huchelewesha picha kidogo nyuma ya sauti. Ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini katika mchezo huu sehemu ndogo ndiyo yote. Mchezo una mahali pa kupima na kurekebisha tofauti hiyo. Nasikitika kusema kwamba sehemu ya makosa yangu ilitokana na hapo, nami nilikuwa nimekwisha kumlaumu mtoto, gitaa, na uzee wangu wa miaka 36. Anayesoma kwa taabu naye yafaa apimwe macho kabla ya kupimwa akili.

Na jambo la nne ni kulala. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walitangaza walichoona kwa watu waliojifunza kubonyeza vitufe kwa kufuatana, kwa vidole vya mkono wa kushoto. Watu hao walipolala usiku wakarudi, wendo wao ulikuwa umezidi kwa kadiri ya asilimia 20, bila mazoezi mengine katikati. Wataalamu wengine baadaye wakauliza kama sababu ni usingizi wenyewe ama ni vidole kupumzika tu. Waache wabishane. Kwa mchezaji aliyekasirika saa nne ya usiku shauri ni lile lile: zima mashine.

Sitawadanganya kwamba hayo yote yatamfikisha kila mtu juu. Katika toleo hili la tatu, ukiisha kufika mwisho wa mchezo, watokea wimbo mmoja wa kundi la Uingereza liitwalo DragonForce. Ni wa zaidi ya dakika saba, na mwendo wake ni kama mapigo 200 kwa dakika. Wako watu duniani waliouweza katika daraja la mabingwa bila kukosa hata alama moja. Mimi sitauweza. Mikono yangu ilianza siku nyingi baada ya mikono yao, na saa walizotoa wao kwa mchezo mimi ninazo kwa ajili ya madarasa yenu na watoto wangu. Hilo halinikasirishi tena. Kinachonikasirisha ni kuzomewa. Naona waliotengeneza michezo hii walikosea kudhani kwamba mtu anayejifunza ahitaji kufukuzwa jukwaani. Wengine wao waliligundua: mwaka 2008, katika mchezo wa jamii hiyo hiyo uitwao Rock Band 2, waliweka njia ya kucheza ambayo ukikosa, wimbo waendelea mpaka mwisho, nawe pamoja nao.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi, nilikujibu vibaya." Akacheka, akanipa kiti. Sikumpa kitabu. Nilimwandikia maneno sita tu katika kipande cha karatasi, maneno anayoyasema kila siku: maji, mchele, mtoto, nyumbani, kesho, sokoni. Kwa herufi kubwa, yameachana. Nikamwomba asiyasome kwa silabi, bali ayatazame kama atazamavyo uso wa jirani anapopita njiani. Neno "nyumbani" lilimshinda mara nyingi. Kisha likawa uso.

Amerudi darasani tangu mwezi wa pili. Bado husoma polepole, na bado kidole chake kipo, ila sasa kipo chini ya neno. Jumanne iliyopita alisoma sentensi nzima, akanyamaza, halafu akacheka peke yake kwa sababu sentensi ilikuwa ya kuchekesha. Mimi katika daraja gumu nimefika asilimia 71 ya wimbo ule ule wa kwanza. Mpwa wangu asema ni kidole cha mwisho.

Kazi ya juma hili. Chukua sentensi moja ya karatasi hii iliyokutaabisha. Usianze toka mwanzo wa somo. Chukua hiyo moja tu. Isome mara tano leo, kisha uiache mpaka kesho asubuhi. Kesho uisome mara moja, umwambie mwenzako wa darasa umeona nini.

Juma lijalo tutapima shamba kwa hatua. Njooni na kamba. Kwaherini.