BUNDUKI ISIYO NA ALAMA HAINA MWENYEWE

Mazungumzo na wanakisomo wa Kakonko



Leo tutazungumza juu ya alama inayoandikwa kwenye bunduki. Huenda mtu akauliza: "Sisi ni wakulima wa mahindi, maharage na mihogo. Bunduki inatuhusu nini?"

Inatuhusu sana. Sisi wa Kakonko, pamoja na jirani zetu wa Kibondo na Kasulu, tumepakana na Burundi. Vita vilipowaka Burundi mwaka 1993, Rwanda mwaka 1994 na Kongo mwaka 1996, watu wengi walikimbilia mkoa wetu. Karibu wote walikuja na watoto wao na mizigo ya kichwani tu. Lakini vita vikitembea, silaha nazo hutembea. Baadhi ya silaha zilipita njia za porini, zikaangukia mikononi mwa majambazi. Wengi wetu tunakumbuka ile miaka ambayo basi la kwenda Kasulu au Nyakanazi lilisindikizwa na askari wenye bunduki.

Jambazi akikimbia na kuiacha bunduki porini, swali la kwanza ni hili: Bunduki hii ni ya nani? Kama haina alama, hakuna anayejua. Hapo watu huanza kushukiana. Anashukiwa mkimbizi. Anashukiwa mfugaji. Anashukiwa kijana anayetembea usiku. Mwenye kosa yuko kwake analala, na asiye na kosa anahojiwa. Ndiyo maana tunasema alama ni jambo la haki, siyo la polisi peke yao.

ALAMA NI NINI?

Alama ni maandishi. Mwaka 2017 na 2018 ng'ombe wa nchi yetu walipigwa chapa, ili kila ng'ombe ajulikane ametoka wapi. Bunduki nayo hupigwa chapa yake. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Bunduki ya kiwandani hutoka na jina la kiwanda, nchi ilikotengenezwa na namba yake. Namba hiyo ni yake peke yake. Lakini bunduki huuzwa, huibiwa, huvuka mipaka. Kwa hiyo nchi inayoipokea nayo inatakiwa kuiwekea alama yake.

Tarehe 21 Aprili 2004, nchi 11 za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi mkataba mjini Nairobi. Tanzania ilikuwemo. Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya na Kongo nazo zilikuwemo. Zilikubaliana kuweka alama kwenye silaha ndogo na kutunza daftari la silaha hizo. Ofisi ya kusimamia mkataba huo iko Nairobi, nayo huitwa RECSA. Alama waliyoichagua ni nyota, na baada yake herufi mbili za nchi. Tanzania ni TZ. Burundi ni BI. Rwanda ni RW. Baada ya hapo hufuata herufi na namba za bunduki yenyewe.

Tuseme bunduki ya SMG imeokotwa katika pori la Moyowosi. Askari anaifuta vumbi, anasoma. Akiona nyota na TZ, anatafuta namba ile katika daftari la Tanzania. Daftari litasema bunduki ilikabidhiwa nani. Akiona herufi za nchi nyingine, nchi hiyo itaulizwa. Asipoona kitu, njia imeishia hapo.

Tena tujue jambo hili: mkataba hausemi bunduki za raia peke yake. Bunduki za serikali nazo zinatakiwa kuwekewa alama. Ghala la serikali likiibiwa, au askari mwovu akiuza silaha yake, alama itamtaja.

ALAMA INAANDIKWAJE?

Ziko njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni ya zamani. Fundi anashika chuma chenye herufi, anakigonga kwa nyundo. Alama hukaa, lakini mara nyingine huenda upande.

Njia ya pili ni mashine ya kudonoa. Ina sindano ya chuma kigumu sana. Sindano hiyo inadonoa bunduki haraka haraka, kama kuku anavyodonoa mtama. Vidoto vingi vikikaa pamoja vinakuwa herufi. Mashine ambazo RECSA ilizigawia nchi wanachama ni za namna hii.

Njia ya tatu ni ya mwanga, nayo huitwa leza. Mmewahi kuona mtoto akishika kioo cha kukuzia juani mpaka jani kavu likashika moto? Kioo kile kimeukusanya mwanga mahali pamoja. Mashine ya leza nayo hutoa mwanga uliokusanyika, tena wenye nguvu kubwa mno. Mwanga huo unakiyeyusha chuma na kukigeuza mvuke pale unapogusa. Kompyuta ndiyo inauongoza. Hakuna nyundo wala sindano. Inaandika herufi ndogo na safi hata kwenye chuma kigumu. Viwanda vingi vya silaha duniani siku hizi vinaitumia leza.

Je, leza haina kasoro? Inayo. Jambazi hupenda kuikwangua namba kwa tupa. Alama ya kugongwa au kudonolewa hukikandamiza chuma hata chini ya ile herufi. Namba ikikwanguliwa, wataalamu wanaweza kupaka dawa kali ya tindikali, na mara nyingine namba ikaonekana tena. Leza haikandamizi hivyo, inachimba tu. Ikiandika juu juu, tupa itaifuta, na kuirudisha ni kazi ngumu. Kwa hiyo leza inatakiwa ichimbe vya kutosha. Marekani, kwa mfano, sheria inasema namba ya bunduki isichimbwe chini ya inchi 3 kwa 1,000. Ni kina kidogo, karibu unene wa karatasi ya daftari. Na herufi zisiwe fupi kuliko sehemu 1 ya 16 ya inchi.

Tena alama huwekwa mahali pasipobadilishwa, yaani kwenye mwili wa chuma wa bunduki. Haiwekwi kwenye kitako cha mti. Kitako kinafunguliwa na kutupwa.

NA MAGOBORE JE?

Haya basi, tuje kwetu nyumbani. Ziko nyumba zenye gobore. Mengine yametengenezwa na wahunzi wa vijijini kwa bomba la chuma. Yalitumika kufukuza nyani na nguruwe pori shambani, na kuwinda. Gobore la namna hii halikutoka kiwandani. Halina jina, halina namba.

Mtu husema: "Gobore langu halijamdhuru mtu." Sawa. Lakini likiibiwa usiku, utaliambiaje polisi ni lako, nawe hukuwahi kusema unalo? Na likiua mtu, nani atajua halikuwa mkononi mwako? Gobore lisiloandikwa linamtishia nyani, na mwenyewe pia.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inasema kuwa na silaha bila kibali ni kosa. Adhabu yake ni kubwa. Lakini serikali haikufunga mlango. Mwaka 2016 polisi waliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, wenye vibali wakapeleka silaha zao zikaangaliwe. Na mara kadhaa serikali imetangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, bila kushtakiwa. Muda kama huo ukitangazwa, tuutumie. Tusingoje siku ya mwisho.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mwenye kibali akisome kibali chake. Asome namba iliyo kwenye kibali, kisha asome namba iliyo kwenye chuma. Ziwe sawa, tarakimu kwa tarakimu. Hii ndiyo faida ya kisomo. Zikitofautiana, atoe habari polisi mapema.

Pili, asiye na kibali asiifukie silaha shambani wala kuitupa mtoni. Mtoto akilima ataikuta. Amwone mwenyekiti wa kijiji au ofisa mtendaji, aulize njia ya kuisalimisha. Asiibebe begani kwenda kituoni kabla hajatoa habari.

Tatu, ukiiona silaha porini usiishike. Waite wenzako, weka mtu wa kulinda mahali pale, tuma habari polisi.

Nne, mwenye silaha akifariki, ndugu wasigawane silaha kama jembe. Kibali hakirithiwi kama shamba. Watoe habari polisi.

Ndugu wanakisomo, alama haizuii risasi. Mtu mwovu mwenye bunduki iliyoandikwa anaweza kuua vilevile. Lakini bunduki iliyoandikwa ina mtu wa kuulizwa. Mtu anayejua ataulizwa huitunza silaha yake na kuifungia. Sisi tuliosindikizwa na askari ili tufike Kasulu kununua chumvi tunajua thamani ya jambo hilo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini alama haiwekwi kwenye kitako cha mti?

2. Alama ya kudonolewa na alama ya leza zinatofautiana nini?

3. Bunduki isiyo na alama inawadhuru vipi watu wasio na kosa?

4. Katika kijiji chenu, mtu mwenye gobore lisilo na kibali anaogopa nini? Mtamsaidiaje?